Kumbe Kilichoniponza ni Kiti, si Baiskeli

Jino likikuuma, msomaji, utalisema hata kwa utingo wa matatu ambaye hujawahi kumwona. Kichwa kikikugonga utamwomba jirani tembe. Lakini kuna mahali mwilini ambapo pakiuma, mwanamke mwenye heshima zake hufyata ulimi, akatembea kwa kujikaza, na akiulizwa anajibu kwamba ni viatu vinambana. Mimi nilijibu hivyo kwa muda wa wiki tatu nzima.

Wakati huo nilikuwa nikifika ofisini ninakalia upande mmoja wa kiti kama mtu aliyewekewa yai. Mkubwa wangu, mzee mstahiki mwenye mabinti wa rika langu, akaniuliza iwapo nimeumia mguu. "Ni viatu, mzee," nikasema. Akavitazama. Vilikuwa raba kuukuu zilizopanuka kama mtumbwi. Akanyamaza.

Mambo haya yalianza mwaka wa 2020. Wengi mnakumbuka jinsi ugonjwa wa Covid ulivyoingia nchini mwezi wa Machi mwaka huo, na serikali ikaamuru matatu za abiria 14 zibebe 8 tu. Nauli ikapanda mara moja. Mimi ni karani katika kampuni moja kule Eneo la Viwanda na nyumbani kwangu ni Umoja, mwendo wa kilomita 8 au 9 hivi. Nilipopiga hesabu nikaona kwamba nauli ilikuwa inakula unga wa watoto. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilipofika, nikanunua baiskeli ya mtumba kwa shilingi 9,000. Mume wangu hakupinga. Alicheka tu, akasema ananipa wiki mbili.

Baiskeli yenyewe sikuwa mgeni wayo. Nilikuwa mgeni wa kiti chake. Mimi nimezaliwa Busia, mji wa mpakani uliolipa jina boda-boda, kwa kuwa hapo ndipo vijana walipoanza kuwavusha abiria na mizigo kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, kabla pikipiki hazijafikiriwa. Sisi wasichana tulikuwa abiria. Tulikaa ubavu, miguu yote miwili upande mmoja, juu ya karia iliyofungwa mto mnene wa sponji. Ulikuwa raha mustarehe. Mwendeshaji naye, huko mbele, alikalia kiti cha ngozi kigumu kama ubao, na mimi mtoto nilikuwa nikimhurumia.

Kuendesha kulikuwa kazi ya wavulana. Mama yangu alitukataza katakata. Hakutoa sababu, alisema tu, "Msichana akipanda baiskeli ataharibika." Sisi tulijua, au tulidhani tunajua, alichomaanisha. Ilisemwa kijijini kwamba msichana mwendesha baiskeli hupoteza ubikira wake na mume humrudisha kwao pamoja na aibu yake. Basi kaka zangu walikwenda shule kwa baiskeli ya baba, mimi nikatembea kilomita 6 asubuhi na 6 jioni. Jambo hilo nitalirudia.

Wiki ya kwanza ya safari zangu za kazini nilidhani ni ugeni tu. Na kweli, mtu asiyezoea huumwa kidogo kwenye mifupa ya makalio siku za mwanzo, kisha mwili ukazoea. Lakini maumivu yangu hayakuwa nyuma. Yalikuwa mbele. Nikifika Donholm tayari sehemu zangu nyeti zilikuwa zimekufa ganzi, na nikishuka karibu na City Stadium, ganzi ikianza kutoka, kunabaki mwasho kama wa pilipili.

Nikajitafutia dawa mwenyewe. Kwanza nilikumbuka mto wa Busia, nikaenda kununua kifuniko cha sponji, nikakivika kiti. Siku ya kwanza nilitabasamu. Siku ya tatu nililia. Nikaongeza nguo za ndani, mbili kwa pamoja, na juu yake suruali ya jinzi yenye mshono mnene hapo katikati. Ngozi ilipoanza kuchubuka nikaona lazima ni uchafu. Nikanyoa kila unywele kwa wembe, nikamwaga dawa ya kuua viini kwenye beseni hadi maji yakawa meupe kama maziwa, nikajiosha nje na ndani. Nadhani baadhi ya akina mama wanaosoma hapa wamekwisha kunyamaza na kujikunyata, kwa sababu wanajua dawa hiyo ilivyouma.

Baada ya siku nne nikaota jipu, pale paja linapokutana na mwili. Nikaingia duka la dawa, nikamwambia kijana wa kaunta kwamba nina jipu mgongoni. Akaniuzia vidonge vya jipu la mgongoni. Hapana wa kulaumiwa isipokuwa mimi.

Ni homa iliyonisaliti. Usiku mmoja mume wangu alinigusa paji la uso, akaketi kitandani na kusema, "Wewe hujaumizwa na viatu." Asubuhi akanipeleka zahanati.

Muuguzi aliyenipokea alikuwa mama wa makamo. Nilimweleza homa kwa kirefu. Akaandika, kisha akauliza kama nina kidonda popote. Nikatazama dari. "Mama," akasema kwa upole, "mficha uchi hazai. Lala hapo nikuone."

Hakushangaa hata chembe. Alimwita daktari, jipu likapasuliwa, nikapewa dawa za siku saba, na nikapimwa sukari, kwa sababu majipu yanayorudi-rudi huweza kuwa dalili ya ugonjwa huo. Kumbe hata kulikamua jipu la namna hiyo kwa vidole, kama nilivyojaribu, ni hatari; huusukuma usaha ndani zaidi. Likiwa dogo hukandwa kwa kitambaa cha maji ya moto, na mtu hukaa mbali na baiskeli mpaka ngozi ipone. Likikua, likienea wekundu au likileta homa, ni la hospitali.

Halafu yule muuguzi akavuta kiti na kunipa somo ambalo sikupewa shuleni wala jandoni (na sisi wanawake hata jando hatuna). Unyoaji wa wembe, alisema, huacha ngozi ikiwa na mikwaruzo na vinyweleo vinaota kwa ndani. Jasho na msuguano vikija juu yake, viini vimepata mlango. Afadhali kupunguza kwa mkasi au kuacha kama kulivyo. Kuhusu ile dawa ya beseni, alitikisa kichwa. Ndani ya mwanamke hujisafisha kwenyewe, kuna viini vyema vinavyolinda mahali pale. "Ukivimwagia dawa umewaua askari wako," akasema, "ukuvu utaingia uanze kuwashwa, kisha utadhani umeletewa ugonjwa na mumeo." Nje maji yanatosha, na sabuni isiyo kali kwa anayeitaka.

Akaniuliza nakunywa maji kiasi gani. Nikakiri kwamba tangu nianze kuendesha nilikuwa sinywi, kwa kuwa njiani hakuna choo ambacho mwanamke anaweza kuingia bila kufunga pumzi. Hapo akakunja uso. Kubana mkojo na kukaa na kiu, ukiongeza na mgandamizo wa kiti, ni kukaribisha maambukizi ya njia ya mkojo, na sisi wanawake njia hiyo ni fupi kwa maumbile. Tangu siku hiyo nakwenda haja ndogo kabla ya kutoka, nakunywa maji nikifika, nakwenda tena kabla ya kurudi. Mkojo ukichoma, ukija matone-matone, ukiwa na damu, au mgongo ukiuma pamoja na homa, siendi kwa kijana wa kaunta tena.

Hayo yote yalitibu kidonda. Chanzo kilikuwa bado kimeegemea ukuta wa sebuleni.

Mtaani kwetu kuna fundi wa baiskeli, mzee wa miaka mingi, anayefanyia kazi chini ya mti na boksi lake la spana. Nilipopona nikamsukumia baiskeli. Nilikuwa nimejipanga nitakavyosema, lakini maneno yakanikauka. "Mzee, kiti hiki ni kigumu mno," nikasema.

Akakivua kile kifuniko cha sponji, akakibonyeza kwa kidole gumba. "Mama, wanawake wote huja hapa wakisema kigumu," akajibu. "Si kigumu. Ni chembamba. Hiki ni cha mwanamume, tena wa mashindano."

Kisha akanieleza kwa adabu kubwa, akiitazama baiskeli na wala si mimi. Binadamu ana mifupa miwili chini ya makalio, na hiyo ndiyo inayotakiwa kubeba uzito. Wanawake wengi wana nyonga pana, hivyo mifupa hiyo imeachana zaidi kuliko ya wanaume. Kiti kikiwa chembamba, mifupa inaning'inia hewani pande zote mbili, na uzito wote unaangukia nyama laini iliyo katikati. Na sponji? Sponji humfaa abiria wa karia ambaye amekaa tu na miguu imetulia. Mwendeshaji anapokanyaga pedali, mifupa inazama ndani ya sponji na sponji iliyohamwa inapanda katikati, palepale pasipotakiwa kuguswa. Miaka yote ile nilikuwa nikimhurumia mtu asiyestahili kuhurumiwa.

Akanituma nyumbani nikapime. Njia yake ni rahisi, na mtu yeyote anaweza kuifanya jioni hii. Chukua kipande cha katoni, kile chenye mawimbi ndani, ukiweke juu ya ngazi au kigoda kigumu. Kikalie ukiwa umevaa nguo nyepesi, miguu uiinue kidogo ili magoti yapite usawa wa nyonga, ujikandamize. Ukiinuka utaona mashimo mawili. Pima kutoka kitovu cha shimo moja hadi cha jingine. Yangu yalikuwa sentimita 13. Binti yangu alinifumania nikiwa nimekalia katoni kwenye ngazi za veranda, akataka naye apimwe, mume wangu akafuata, na jirani aliyekuwa akianika nguo akadhani tumeingia dini mpya.

Kwa mtu anayeendesha akiwa amekaa wima, kama mimi wa mjini, huongezwa sentimita 3 au 4 juu ya kipimo hicho. Anayeinama sana mbele huhitaji nyongeza ndogo zaidi. Basi mimi nilihitaji kiti cha upana wa 17 hivi. Kile nilichokuwa nacho, mahali pake papana kabisa, kilikuwa 14. Nikatafuta katika mitumba mpaka nikapata kimoja cha shilingi 1,500, kipana nyuma, chenye mfereji katikati wa kupunguza mgandamizo, na kigumu. Ndiyo, kigumu.

Yule mzee hakuishia hapo. Aliniambia nikalie baiskeli nikiwa nimeshika mti, niweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu ulitakiwa unyooke, ili nikikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, kama inavyopasa, goti lipinde kidogo. Wangu haukufika. Muuzaji alikuwa amekiinua kiti mno, na nilikuwa nikiyumba nyonga kulia na kushoto kuifuata pedali, kilomita 8 za kujisugua kama mtu anayetwanga. Kikiwa chini mno nacho huumiza magoti. Kisha akaazima pima maji ya mwashi aliyekuwa akijenga ng'ambo ya barabara, akailaza juu ya kiti. Pua ya kiti ilikuwa imeinuka. Akailegeza nati, akaishusha mpaka kiti kikalala sawa. Kuiinamisha sana, alionya, ni kosa jingine, utateleza mbele na mikono ichoke kwa kujizuia. Mwisho akainua usukani ukapita usawa wa kiti.

Jambo hilo la usukani nimelisoma baadaye, nikaona mzee alikuwa sahihi. Mwaka wa 2012 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapima wanawake waendeshao baiskeli: usukani ukiwa chini kuliko kiti, mgandamizo sehemu za mbele huongezeka na hisia hupungua. Na mapema zaidi, mwaka wa 2002, madaktari wa Ubelgiji waliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza kuhusu wanawake sita, waendeshaji wa mashindano, ambao walikuwa wamevimba upande mmoja wa sehemu zao za siri kwa sababu ya miaka ya kukalia viti hivyo. Hao walikuwa wakienda mamia ya kilomita kwa wiki. Sisi wa kwenda kazini hatufiki huko. Lakini ganzi isiyotoka baada ya kupumzika, au uvimbe usiopungua, si wa kuvumiliwa na mtu yeyote.

Mavazi nayo nimeyabadilisha. Jinzi niliwaachia wanaopanda matatu. Navaa kaptura ya kubana yenye kipande laini kilichoshonewa ndani, na juu yake sketi pana au suruali nyepesi kwa ajili ya macho ya Jogoo Road. Ndani ya kaptura ile havaliwi kitu kingine. Hilo nililisikia kwa mshangao, lakini ndivyo ilivyotengenezwa, kwa kuwa pindo la nguo ya ndani ndilo linalokata ngozi. Mapajani, panaposuguana, napaka mafuta ya kujipaka kidogo. Nikifika ofisini siketi na jasho. Naingia msalani, najipangusa, nabadilisha. Kaptura hufuliwa kila siku. Siku za mwezi kingo za taulo huchubua, hivyo wengine hutumia kikombe. Mimi siku mbili za kwanza hupanda matatu, na sioni haya kulisema.

Na jambo moja dogo linalonikera. Kwa nini sisi huanika nguo zetu za ndani gizani, chumbani, zimefunikwa taulo kama bidhaa za magendo? Zinakauka kwa siku mbili zikiwa na unyevu ambao ukuvu unaupenda. Yangu sasa yako kwenye kamba, juani, na jirani azoee.

Kwa hiyo nimeendesha miaka hii yote bila jipu wala ganzi. Barabarani kwenye matuta huinuka nikasimama juu ya pedali, na hata pakiwa sawa nafanya hivyo kila baada ya dakika kumi hivi, damu ipite.

Nilisema nitarudi Busia. Likizo moja ya Desemba mama yangu alikuja Nairobi kutazamwa macho. Binti yangu, wakati huo akiwa na miaka 14, alikuwa ameniomba baiskeli ya kwendea shule, nami nilikuwa nimemnunulia. Mama alipoiona akatamka maneno yaleyale, bila kupunguza wala kuongeza. "Ataharibika."

Ningenyamaza kama nilivyonyamaza utotoni. Lakini mtu aliyekwisha kulala kwenye kitanda cha zahanati na kuonyesha alichonacho hana tena haya nyingi. Nikamuuliza, "Mama, anaharibika vipi?"

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akatuambia jambo ambalo hata baba hakupata kulijua. Alipokuwa na miaka 12 alitumwa kusaga mahindi, akaiiba baiskeli ya babake, ile nzito nyeusi yenye chuma cha juu kutoka kitini hadi kwenye usukani. Watoto hupitisha mguu chini ya chuma hicho, lakini yeye alitaka kuendesha kama wakubwa. Kwenye mteremko mguu ukateleza, akaangukia chuma kile kwa uzito wake wote. Akatokwa na damu. Akavimba, na siku mbili mkojo ulimtoka kwa machozi. Alijiosha mtoni kwa maji ya chumvi, hakumwambia mamake. Kuanzia siku hiyo hadi usiku wa harusi yake aliishi na hofu kwamba ameharibika na atarudishwa.

"Ulirudishwa?" binti yangu akauliza.

"Ningerudishwa, wewe ungetoka wapi?"

Nikamweleza niliyofundishwa na yule muuguzi: kwamba utando ule hutofautiana kutoka msichana hadi msichana, kwamba hakuna anayeweza kuutazama akajua mambo ya mtu, na kwamba Shirika la Afya Duniani lenyewe lilitoa wito mwaka wa 2018 vipimo vya ubikira vikomeshwe kwa sababu havina msingi wowote wa kitabibu. Lakini alichokipata yeye kilikuwa jeraha la kweli, na mtoto akiangukia chuma namna hiyo, akatoka damu au akashindwa kukojoa, hupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Mama alisikiliza yote. Sijui ni lipi lililomwingia. Aliinuka, akaizunguka baiskeli ya mjukuu wake.

"Hii chuma chake cha juu kiko wapi?"

Nikamwonyesha jinsi kilivyoteremka chini, mtoto akisimama hakimgusi. Akakibonyeza kiti kwa gumba, kama alivyofanya fundi.

"Ni kigumu," akasema.

"Kukhu, kinatakiwa kiwe hivyo," binti yangu akamjibu, na akaenda kutafuta katoni.

Mama alipima sentimita 14. Aliporudi Busia alibeba kile kifuniko cha sponji nilichokuwa nimekitupa kwenye veranda. Hukikalia akipukuchua mahindi, na anasema ni kizuri sana.